Jino la mbele limeng'oka au limevunjika: mwongozo kamili wa kuliokoa

Jino la mbele likitoka zima na mzizi wake, anayeamua kama litaishi ni yule aliyekuwepo pale: mwalimu wa zamu, kocha, abiria mwenzake kwenye bodaboda, dada wa nyumbani. Daktari wa meno huja baadaye. Mgonjwa akifika kliniki na jino lililokaukia ndani ya tishu mfukoni, hata bingwa atakuwa anapunguza hasara tu. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye dakika za mwanzo. Hapo ndipo meno mengi yanapopotea, tena mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa.

Litazame jino lililong'oka muda huo huo: mzizi wake una utelezi wa rangi ya waridi. Huo ni utando wa chembe hai na nyuzi ndogo zilizokuwa zikilishika jino kwenye mfupa wa taya. Sehemu ya utando imebaki kwenye mzizi, sehemu nyingine imebaki ndani ya tundu. Zikikutana tena zingali hai, huungana na jino hushika. Kinachoziua ni ukavu. Mwongozo wa mwaka 2020 wa IADT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno, unasema jino likikaa kavu nje ya tundu dakika 30, chembe nyingi za utando huo huwa zimeshakufa. Likikaa kavu saa nzima, hesabu kwamba hazipo tena. Karibu kila agizo utakalosoma hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Mwangalie mtu kabla ya jino

Pigo lililong'oa jino limepita kichwani. Ikiwa amezimia hata kwa muda mfupi, anatapika, hakumbuki kilichotokea, anasinzia isivyo kawaida, au shingo inamuuma, hiyo ni safari ya hospitali mara moja na jino litafuata kwenye kikombe. Mwulize pia kama akiuma meno yanakutana kama zamani, na kama mdomo wa chini una ganzi. Meno yasipokutana, au kukiwa na ganzi, huenda taya limevunjika.

Kisha hesabu. Jino au kipande kisichoonekana lazima kitafutwe, kwa sababu kinaweza kuwa kimemezwa, kimeingia kwenye njia ya hewa, au kimezama ndani ya mdomo uliochanika. Mgonjwa anayekohoa au kukoroma anapovuta pumzi baada ya kupoteza jino anahitaji eksirei ya kifua. Mdomo uliovimba na kupasuka nao upigwe picha kabla haujashonwa. Vipande vya jino hushonewa humo, na mtu hukaa na uvimbe usioisha asijue sababu.

Damu ya kinywani hutisha kuliko ukubwa wa jeraha lenyewe. Mpe kitambaa safi akiume kwa dakika kumi, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya mdomo, upande wa nje. Usiweke majivu, tumbaku, chumvi wala majani yaliyotwangwa ndani ya tundu. Kwa maumivu parasetamo inatosha kwa kuanzia. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu, na kwa watoto haifai kabisa.

Jino la utoto halirudishwi

Kabla ya kufanya lolote, jua ni jino gani. La utoto likirudishwa linaweza kuumiza jino la ukubwani linalokua juu yake ndani ya mfupa, kwa hiyo huachwa nje. Mtoto aliye chini ya miaka sita karibu siku zote meno yake ya mbele ya juu ni ya utoto. Yale mawili makubwa ya katikati juu huota akiwa na miaka saba hadi minane, na ya pembeni yake kati ya minane na tisa. Ukibaki na shaka, pima: jino zima la katikati juu la ukubwani, kutoka ukingo hadi ncha ya mzizi, lina urefu unaokaribia sentimita 2.3, la utoto ni karibu sentimita 1.6, jeupe zaidi, dogo. Jino la ukubwani lililoota juzi huwa na vinundu vitatu vidogo kwenye ukingo wake.

Ukishindwa kabisa kutofautisha, liweke kwenye maziwa na ukimbie nalo kliniki, daktari ataamua. Na hata kama ni la utoto, mtoto aonwe. Mama asiambiwe "litaota jingine" mambo yakaishia hapo, maana pigo lile lile linaweza kuwa limegusa jino linalokuja, na likaota na madoa au likapinda.

Lirudishe hapo hapo

Hapa ndipo watu wengi husita, nami nawaelewa. Ila hakuna dawa ya hospitali inayoshinda kulirudisha jino la ukubwani ndani ya tundu lake katika dakika tano za kwanza, papo hapo uwanjani.

Lishike sehemu nyeupe ile inayoonekana mtu akicheka. Mzizi usiguswe kwa vidole, kitambaa, wala ukucha. Likiwa na mchanga au matope, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji ya chumvi ya hospitali. Vikikosekana, kwa mate ya mgonjwa mwenyewe. Kama kilichopo ni maji ya bomba tu, yamwage juu yake kwa sekunde chache, yatoshe. Kusugua ndiko kunakoliua. Nimeona mizizi iliyofikishwa kliniki imesuguliwa kwa mswaki na dawa ya meno, mingine kwa sabuni ya unga, inang'aa kwa usafi na haina chembe moja hai.

Sasa ligeuze vizuri. Upande uliotuna hutazama mdomo, upande wenye bonde hutazama ulimi. Tazama jirani yake ufananishe. Ongea na mgonjwa kwa utulivu unapofanya hivyo. Mtoto akiambiwa, "Mwanangu, nalirudisha jino lako nyumbani kwake, litabana kidogo kisha basi," mara nyingi hukubali, kwa kuwa tundu baada ya pigo huwa bado lina ganzi ya mshtuko. Lisukume polepole kwa kidole hadi liwe sawa na jirani. Likigoma, usitumie nguvu, kwani huenda mfupa umepinda au kuna bonge la damu. Acha, uende kwenye maziwa. Likiingia, mpe kitambaa safi kilichokunjwa akiume taratibu, asiachie mpaka afike kwa daktari.

Likirudi limepinda kidogo au limegeuka, bado umefanya la maana. Daktari atalinyoosha.

Wapo ambao hawarudishiwi jino papo hapo: aliyezimia au asiyejitambua, mtoto anayepigana asikubali, mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, na mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo. Hao jino litunzwe, uamuzi ufanyike hospitali.

Ukishindwa kulirudisha, lisikauke

Maziwa ndiyo rafiki wa karibu zaidi. Yanafaa kwa sababu uchachu wake na chumvi zake haviko mbali na vya mwili, na yanaweza kuzitunza chembe kwa saa kadhaa. Maziwa ya pakiti ya dukani yanafaa, na ya ng'ombe yaliyochemshwa yakapoa yanafaa. Ya baridi ni bora. Usitumie mtindi, maziwa lala, wala chai ya maziwa. Mimina kiasi cha kulifunika jino lote, funika chombo, nenda.

Kuna kitu kingine ambacho karibu kila duka la dawa na zahanati inacho: ORS, ile dawa ya mtu anayeharisha. Mapendekezo ya huduma ya kwanza ya mwaka 2020 ya ILCOR, kamati ya kimataifa ya wataalamu wa kuokoa maisha, yaliiweka kwenye kundi la mbele, pamoja na maji maalumu ya maabara ambayo huku kwetu huyapati njiani. Ikoroge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usiikoleze, kisha litumbukize jino. Mapendekezo hayo hayo yalikubali karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula: lifunge jino likiwa na unyevu wake, libane hewa isipite.

Huna maziwa, huna ORS? Mgonjwa ateme mate kwenye kikombe hadi jino lizame. Wengi hufundishwa kuliweka ndani ya shavu, lakini mtu aliyeshtuka hulimeza, na mtoto ndiye kabisa. Kikombe ni salama zaidi. Maji ya dafu hutajwa sana pwani, na yamefanyiwa majaribio yenye majibu yanayopingana. Kwa kuwa yana uchachu, mimi ningeyafikia baada ya maziwa na ORS kukosekana. Maji matupu yako mwisho wa orodha, kwa sababu huingia ndani ya chembe hadi zikavimba na kupasuka. Hata hivyo maji ni afadhali kuliko mfukoni, ndani ya tishu, au kwenye kiganja.

Andika nyakati mbili kwenye simu yako: saa jino lilipotoka, na saa lilipoingia kwenye maziwa. Daktari atauliza, na matibabu yatategemea jibu lako.

Kufika kliniki na kuzungumza na daktari

Si kila kituo chenye kiti cha meno kinaweza kufunga jino, yaani kulishikiza kwa majirani zake mpaka lipone. Vituo vingi vidogo vimezoea kung'oa na kuziba. Ukiwa njiani piga simu uulize: "Mnaweza kulirudisha jino lililong'oka na kulifunga?" Kama hawawezi, waombe wakuelekeze hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kitengo cha kinywa na meno. Wakazi wa Dar es Salaam wana Muhimbili, na Nairobi kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiambiwa jino lililolegea liondolewe tu, una haki ya kusema kwa heshima, "Daktari, naomba lipigwe picha na lifungwe kwanza kabla ya kuamua." Jino linaloning'inia leo linaweza kuwa imara mwezi ujao. Likishang'olewa kwa koleo, mjadala umekwisha.

Utakachokiona huko ni hiki. Atachoma sindano ya ganzi, atasafisha tundu kwa maji ya chumvi, atalirudisha jino au kulinyoosha lile ulilorudisha, kisha atapiga eksirei. Baada ya hapo hulifunga na majirani zake kwa waya mwembamba usiozidi milimita 0.4, ulioshikizwa kwa dawa nyeupe ya kuzibia upande wa mdomo. Waya mnene haufai, kwa sababu jino linatakiwa licheze kidogo ili utando wake upone. Kituo kisicho na waya huo kina njia nyingine iliyo ndani ya mwongozo wa IADT wenyewe: mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, unene wa milimita 0.13 hadi 0.25, ukiwa umegandishwa kwa dawa ile ile. Kwa mtoto mwenye meno machache ya ukubwani mshipi hautoshi kushika. Lakini kwa mtu mzima aliye mbali na mjini, jambo hili ni la kumkumbusha tabibu anayesema hana vifaa.

Waya hukaa wiki mbili. Kukiwa na mfupa uliovunjika, wiki nne.

Atakupa antibiotiki, mara nyingi amoksilini. Doksisaiklini haipewi mtoto wa chini ya miaka 12 kwa sababu huyatia meno yanayokua rangi. Jino likiwa limeanguka kwenye udongo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda na lini ilichomwa mara ya mwisho.

Jino lililovunjika

Tafuta kipande. Kikipatikana, kiweke kwenye maji au maziwa, kwani daktari anaweza kukigandisha mahali pake na rangi ikafanana kuliko dawa yoyote. Kikiwa kimekauka, hulowekwa dakika 20 kabla ya kugandishwa.

Kisha angalia palipovunjika kwenye mwanga mzuri. Ukingo mweupe tu ukimeguka, bila maumivu, hiyo si dharura. Ulainishwe au uzibwe siku hizo hizo ili usikate ulimi. Ukiona rangi ya manjano ndani, na hewa au maji baridi yanachoma, umefika tabaka la dentini, ambalo lina mifereji midogo inayoelekea kwenye kiini, nyama laini yenye mishipa iliyo katikati ya jino. Hilo lifunikwe ndani ya siku moja au mbili, hata kwa dawa ya muda.

Ukiona nukta nyekundu katikati au tone la damu, kiini kimeachwa wazi. Wengi huambiwa hapo kwamba "mshipa lazima utolewe". Kwa kijana ambaye mzizi haujamaliza kukua, hiyo ingekuwa hasara kubwa: mzizi hubaki mwembamba na mfupi, na huvunjika miaka ya mbele. Mwaka 1978 Miomir Cvek, akifanya kazi Sweden, alichapisha matokeo ya meno 60 ya aina hii. Alikwangua milimita mbili hivi za juu ya kiini, akafunika palipobaki kwa kalsiamu haidroksaidi, na 58 yalipona, ikiwemo mengine yaliyoletwa siku nyingi baada ya ajali. Njia hiyo inaendelea kutumika hadi leo, ingawa dawa za kufunikia zimeongezeka. Mzazi, uliza swali hili kabla ya kukubali kutolewa mshipa: "Je, mzizi umeshafunga?" Ncha ya mzizi wa jino la mbele huwa imefunga mtoto akiwa na karibu miaka kumi. Ukiwa bado wazi, mwombe daktari akiokoe kiini.

Mzizi wenyewe unaweza kuvunjika ndani ya ufizi bila jino kuonekana limekatika. Dalili yake ni jino kulegea ghafla au kuonekana refu kuliko jana, na ni eksirei pekee itakayothibitisha. Hufungwa wiki nne, na mpasuko ukiwa karibu na ufizi huweza kufungwa hadi miezi minne. Mengi hupona bila kutolewa kiini, kwa hiyo usiharakishe.

Jino lililosogea

Likishuka kidogo kutoka kwenye tundu, lisukume taratibu lirudi kama unaweza, mgonjwa aume kitambaa. Likiwa limelala upande na limekwama imara, liache, maana limejipachika kwenye mfupa na kulichomoa bila ganzi ni kumtesa mtu. Likiwa limezama ndani ya ufizi, usilivute. Yakitikisika meno mawili matatu kwa pamoja kama kipande kimoja, mfupa umevunjika, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki mbili za waya na miaka inayofuata

Chakula laini: uji, mtori, viazi vya kuponda, wali uliolainishwa kwa mchuzi, mayai. Mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa na kufungua chupa kwa meno visubiri, hilo la chupa milele. Piga mswaki laini kila baada ya chakula hata kama unaogopa kugusa, kwa kuwa uchafu karibu na ufizi ndio unaoharibu kidonda. Sukutua kwa klorheksidini ya asilimia 0.12 mara mbili kwa siku. Mpira na mieleka visimame.

Kisha inakuja hatua inayoachwa na wengi. Jino limetulia, haliumi, waya umetoka, nauli imekwisha, na mtu harudi. Kwa jino la mtu mzima lililong'oka kabisa, mishipa yake imekatika na kiini kimekufa. Kisipotolewa na mzizi ukatibiwa ndani ya wiki mbili tangu lirudishwe, wadudu waliomo husababisha mzizi uliwe, kimya, hadi siku jino linapodondoka bila kuuma. Jino lililofungwa vizuri likapotezwa kwa kukosa matibabu ya mzizi ni hasara inayoniuma kuliko zote, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika. Mtoto mwenye mzizi wazi hupewa nafasi, mishipa yake inaweza kuota upya, lakini lazima aonwe mara kwa mara ili ikishindikana ijulikane mapema.

Ratiba ni hii: wiki mbili, wiki nne, miezi mitatu, miezi sita, mwaka mmoja, halafu kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano. Rudi kabla ya tarehe ukiona kipele cha usaha kwenye ufizi, jino likibadilika rangi kuwa la kijivu, likilegea tena, au kwa mtoto, likianza kuonekana fupi kuliko jirani. Hilo la mwisho maana yake jino limegandamana na mfupa, nao wenzake wanaendelea kushuka wakati lenyewe limebaki.

Jino lililokaa nje kavu kwa muda mrefu

Usilitupe. Lirudishwe hata hivyo. Utando umekufa, litagandamana na mfupa na kuliwa polepole, lakini huenda likakaa miaka kadhaa, na muda huo wote linashikilia mfupa wa taya na nafasi yake. Kwa mtoto wa miaka tisa miaka hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa jino la bandia la kupandikizwa kwenye mfupa haliwekwi mpaka ukuaji wa taya uishe. Kukaa bila jino muda wote huo huufanya mfupa usinyae, na kazi ya baadaye ikawa ngumu na ghali.

Sanduku la shule na timu

Weka humu pakiti moja ya maziwa yasiyohitaji friji, pakiti mbili za ORS na chupa ya maji safi yenye ujazo unaolingana nazo, kikombe chenye mfuniko, vitambaa safi, glavu, na karatasi yenye namba ya simu ya kitengo cha meno kilicho karibu. Namba hiyo ipigwe leo, uhakikishe inapokelewa na kwamba wanafunga meno, hata jioni na Jumamosi, maana mechi huchezwa saa hizo. Mwanafunzi ambaye meno yake ya juu yamechomoza mbele sana ndiye aliye hatarini zaidi kuliko wenzake. Huyo apewe kinga ya meno ya mpira kabla ya kuingia uwanjani, na wazazi wake waambiwe kwamba meno hayo yanaweza kurudishwa nyuma kwa matibabu.